SAFARI YA MAHALE: TUIPANGE KAMA TUNAVYOPANGA HISA ZETU

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya kutimiza miaka kumi, Songea



Tulianza kumi na moja chini ya mwembe, na leo tuko ishirini na nne. Waliotutangulia mbele ya haki tunawaombea wapumzike kwa amani.

Habari za hisa, mikopo na marejesho mmeshazisikia kwenye risala ya Katibu na taarifa ya Mweka Hazina, kwa hiyo hatutazirudia. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo moja tu, ambalo wengi hapa mtaani mmelisikia nusu nusu: safari ya kikundi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale. Maneno yamekuwa mengi. Wengine wamesema akina mama wamepata hela sasa wanataka kwenda kutazama nyani. Basi leo tuseme wenyewe, kwa mdomo wetu, tunakwenda wapi, kwa nini, na kwa fedha ipi.

KWA NINI MAHALE

Mahale iko Mkoa wa Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kigoma. Serikali iliifanya kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,613. Milima inaanzia pale pale kwenye mchanga wa ziwa na kupanda juu, na kilele chake kirefu kinaitwa Nkungwe, chenye urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari. Mtu anakwenda kwa miguu tu. Kabla haijawa hifadhi, wenyeji waliokuwa wakiishi katika milima hiyo ni Watongwe.

Kinachowaleta watu pale ni sokwe. Sokwe si nyani, akina mama. Nyani tunawajua, wanatumalizia mahindi. Sokwe hana mkia, anatengeneza kitanda chake cha majani kila jioni, na mama sokwe analea mtoto wake miaka mingi kama sisi. Wataalamu wanasema vinasaba vyake na vya binadamu vinafanana kwa karibu asilimia 98. Mwaka 1965 mtaalamu wa Kijapani, Profesa Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alianza kuwachunguza sokwe wa Mahale, na kazi hiyo iliendelezwa na wenzake kwa miaka mingi. Watu wa Japani wamekaa porini kwetu miaka yote hiyo, na sisi wenye nchi hatujafika hata siku moja!

Mama mmoja katika mkutano wetu aliuliza swali zuri. Alisema: “Ziwa si tunalo? Nyasa hii hapa, tukishuka Mbinga tumefika Mbamba Bay. Na milima ya kwetu inaingia majini vile vile. Kwa nini tuende mbali?” Ni kweli kabisa. Nyasa yetu ni nzuri, na hatuidharau. Lakini tulimjibu hivi: kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari wageni wanakuja Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa wetu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Wanatoka mbali, na wakirudi kwao wanatujua sisi ni akina nani. Nasi tunataka kuwajua wenzetu wa upande wa pili wa nchi. Katika kikundi chetu wako akina mama kumi na tatu ambao hawajawahi kuvuka Makambako. Wamesomesha watoto hadi chuo kikuu, na watoto wanawasimulia nchi yao wenyewe.

KOSA LETU LA MWAKA WA TATU

Sasa tunafika mahali pagumu. Tungeweza kuliruka jambo hili, maana leo ni sherehe. Lakini kitabu hiki watakisoma mabinti zetu, na tukiwaficha watalirudia.

Mwaka wa tatu wa kikundi tulifanya safari ya kwenda Mbamba Bay. Wengi mnaikumbuka, picha zake ziko. Tulikodi gari, tukalala siku mbili, tukala mbasa, tukacheza ngoma, tukafurahi mno. Kisichoonekana kwenye picha ni fedha tuliyotumia. Tuliichukua kwenye sanduku la mikopo. Tuliambiana tutairudisha tukishauza mahindi. Viongozi tulikubali, wanachama tulipiga makofi, na funguo zote tatu zilifungua bila mtu hata mmoja kusema hapana.

Wiki mbili baada ya kurudi, mwenzetu mmoja aliuguliwa na mtoto. Alikuja kuomba mkopo wa dharura, kama ilivyo haki yake. Tulifungua sanduku mbele yake. Hakukuwa na kitu cha kumpa. Yule mama hakusema neno. Alirudi nyumbani akauza cherehani yake, mtoto akatibiwa, na tunamshukuru Mungu akapona. Lakini cherehani haikurudi. Alikuwa fundi anayetegemewa mtaa mzima kwa sare za shule, na tangu siku hiyo alishonea mashine ya kukodi, faida yake ikiingia mfuko wa mwingine. Hisa zake hakuacha kununua hata wiki moja. Sisi tuliokula mbasa tulikuwa tukimtazama kila mkutano, na hatukuwa na ujasiri wa kulitaja.

Mwezi Machi mwaka huu, baada ya kugawana, tulichanga na kumnunulia cherehani nyingine. Tulimwomba radhi mbele ya mkutano. Imechelewa miaka saba. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme haya leo, ila jina tusilitaje. Na yeye ndiye aliyetamka maneno ambayo yamekuwa sheria ya safari ya Mahale: “Kwenda twendeni, ila sanduku la mikopo lisijue kama tumesafiri.”

FEDHA YA SAFARI

Kwa hiyo tumenunua sanduku la pili. Ni dogo, lina kufuli moja lenye rangi nyekundu, na daftari lake ni la peke yake. Kila anayetaka kusafiri anaweka shilingi 5,000 kwa wiki, kwa wiki 80. Ikitimia atakuwa na shilingi 400,000 zake mwenyewe. Asiyeweza wiki hii ataweka wiki ijayo, hatatozwa faini, maana hii si hisa wala si deni. Anayeahirisha safari anarudishiwa fedha yake yote. Mfuko wa jamii hauguswi. Sanduku la mikopo haliguswi. Atakayependekeza kukopa kwenye mikopo ili kujazia safari, hata akiwa Mwenyekiti, safari yake itakuwa imefutwa hapo hapo.

Kama hesabu ya mwisho itazidi akiba yetu, tuna mpango wa pili. Kaskazini ya mji wa Kigoma, karibu zaidi, iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1968. Ndiko hayati Dk. Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alikoanza kazi yake ya sokwe mwaka 1960. Nayo ni ya milima na iko ziwani, na safari ya boti ni fupi. Ni afadhali kufika Gombe kwa fedha yetu kuliko kufika Mahale kwa fedha ya mgonjwa.

Viingilio vya hifadhi tutaviuliza kwa maandishi kabla, kwa sababu bei hubadilika. Tunachojua ni kwamba raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Kwa hiyo kila mmoja awe na kitambulisho chake cha Taifa. Na malipo hayapokelewi fedha mkononi getini. Yanalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, benki au kwa simu. Hilo limetufurahisha, kwa sababu risiti itabaki na Mweka Hazina ataionyesha.

NJIA

Kutoka hapa hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Tutakwenda kwa siku tatu, na hatutasafiri usiku. Siku ya kwanza tunapita Njombe na Makambako, tunalala Mbeya. Siku ya pili tunapita Tunduma, tunalala Sumbawanga. Hiyo ni siku fupi, tumeiweka makusudi ili miguu ya wazee ipumzike. Siku ya tatu tunapita Mpanda na Uvinza na kuingia Kigoma jioni. Kabla ya Mpanda barabara inakatiza Hifadhi ya Katavi, na pale kuna mbung'o wanaouma kweli kweli. Vioo vya gari vifungwe.

Toka Kigoma tunaingia majini. Zamani watu wengi walikwenda kwa meli ya MV Liemba. Meli hiyo ina historia kubwa: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina hilo la Liemba. Lakini miaka ya karibuni ilisimama kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo tusijenge safari yetu juu yake. Tutakodi boti. Boti ya mwendo kasi inachukua muda wa kama saa nne. Boti za mbao zinachukua siku nzima au zaidi. Ya mbao ni rahisi, ya kasi ni ghali. Hapo msitafute urahisi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, na kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu. Wenzetu waliozaliwa Nyasa wanaujua upepo wa namna hiyo. Sharti letu ni moja: kila abiria awe na jaketi la kuokolea maisha, na alivae, siyo alikalie. Boti isiyo nayo hatupandi, hata kama nahodha ni shemeji yetu.

Kwa jumla tumepanga siku kumi na moja: tatu za kwenda, moja ya boti, mbili za hifadhini, moja ya kurudi kwa boti, tatu za kurudi Songea, na moja ya akiba, maana ziwa likichafuka hakuna wa kulilazimisha.

MWEZI GANI

Tumechagua mwisho wa Agosti. Mwezi huo mahindi yameshavunwa na wengi tumeshauza, na bado hatujaanza kuhangaika na mbolea. Na kule ni kiangazi: njia hazitelezi kama wakati wa masika, na mara nyingi sokwe hushuka sehemu za chini, hivyo mtu hapandi sana kuwafuata. Hata hivyo kupanda kutakuwepo. Milima haina huruma na unene wetu, jamani! Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutatembea kwa miguu kwenda upande wa milima ya Matogoro na kurudi. Atakayeshindwa tutamngoja. Atakayeumwa magoti atakwenda Mahale vile vile na kubaki ufukweni. Kule kuna mbega, kuna ndege, kuna maji safi mpaka samaki wanaonekana, na kuna miombo kama ya kwetu. Kuona milima kutoka chini nako ni kuona.

SHERIA ZA SOKWE, NA MTIHANI WETU

Kule kuna sheria, na tumezisoma kwenye mkutano mara mbili. Kundi moja la wageni lisizidi watu sita. Mkiwapata sokwe mnakaa nao muda wa saa moja tu. Mnavaa barakoa. Mnakaa umbali wa mita 10. Hakuna kula mbele yao, hakuna kutema mate. Mtoto chini ya miaka 12 haruhusiwi, kwa hiyo wajukuu wabaki nyumbani. Mifuko ya plastiki msibebe kabisa. Ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Na sheria kubwa kuliko zote: mwenye mafua au kikohozi haendi kwa sokwe. Hii siyo ya kutania. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua kama mafua uliingia kwa sokwe wa Mahale na kuwaua kadhaa. Mafua ambayo sisi tunayatibu kwa chai ya tangawizi, kwao ni msiba.

Sasa fikirini, akina mama. Mtu ameweka shilingi 5,000 kwa wiki 80. Amekaa garini siku tatu. Amevuka ziwa. Asubuhi ya kupanda mlima anaamka puani kunachuruzika. Atafanya nini? Binadamu ni binadamu, atajikaza na kumeza kidonge kwa siri. Huo ndio mtihani wa safari yetu, na ni ule ule wa mwaka wa tatu: kufurahi wenyewe huku mwingine analipa. Siku ile aliyelipa alikuwa mwenzetu mwenye cherehani. Safari hii atalipa mnyama asiyeweza hata kuja kwenye mkutano kulalamika.

Tumeamua hivi. Atakayesema mwenyewe kwamba anaumwa, hatalaumiwa wala kuchekwa. Mmoja wa viongozi atabaki naye kambini siku hiyo, ili asikae peke yake. Kama atakuwa amepona siku ya pili, yeye ndiye wa kwanza katika kundi. Na kama hatapona, basi katika safari itakayofuata jina lake halitapigiwa kura, litakuwa limeshaingia, na sisi tuliowaona sokwe tutamchangia nusu ya gharama yake. Tumesaini wote, na asiyejua kuandika ameweka dole gumba. Tumefanya hivyo kwa sababu ukimtaka mtu aseme ukweli, usiufanye ukweli umgharimu peke yake.

NANI AANZE

Watu sita kwa kundi, makundi mawili, ni kumi na wawili. Sisi ni ishirini na nne. Kwa hiyo kutakuwa na safari mbili, mwaka mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza watapatikana kwa kura ya vikaratasi. Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina hawataingia kwenye kura. Wawili wetu, Mwenyekiti na Mweka Hazina, tutakwenda safari ya pili. Katibu atakwenda ya kwanza kama mwangalizi, na ndiye atakayebaki na mgonjwa akitokea. Kwa hiyo huenda akafika Mahale asimwone hata sokwe mmoja. Amekubali. Mpigieni makofi.

Waliobaki Songea wataendelea na mkutano wa kila wiki. Maduka na genge za wasafiri zitasimamiwa na wenzao kwa zamu, na hesabu itaandikwa. Akina baba, tunawaomba mvumilie siku kumi na moja. Unga utakuwepo, kuni zitakuwepo, jiko mnalijua lilipo.

Cha kubeba ni kidogo: raba zenye soli ya kushika, siyo malapa; suruali ya kuvaa ndani ya kitenge; sweta; chandarua; dawa zako unazotumia kila siku; chupa ya maji. Mchele na maharage tutabeba kwa pamoja, na samaki tutanunua kwa wenyeji wa vijiji vya kule. Migebuka na dagaa wa Kigoma wanasifika, na fedha yetu ikibaki kwa wanavijiji wale itakuwa imefika mahali pazuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuombi mchango wa safari. Kama una chochote cha kutuunga mkono leo, tunaomba kiingie kwenye mfuko wa jamii, wa wagonjwa na wafiwa. Safari tutajilipia.

Leo sanduku la kufuli jekundu limeingia wiki ya kumi na sita. Bado wiki 64. Siku tutakayoondoka, kabla gari halijawashwa, tutafungua sanduku la mikopo mbele ya wote na kuhesabu. Ikiwa imetimia, tutapanda. Ikiwa imepungua hata shilingi mia, tutashuka na mizigo yetu turudi nyumbani.

Wanawake oyee!
Kikundi oyee!